Kupatana Bei ya Gari Jipya kwa Wakala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na ndugu, marafiki na hata watu nisiowafahamu wakishasikia kwamba nimewasindikiza wengi kununua gari. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta mtu mara chache. Kama tayari umeketi mbele ya muuzaji na unasoma haya kwenye simu, ruka hadi sehemu ya "Mkiwa mezani".

## Mambo ya msingi

Gari jipya si lina bei maalumu? Kweli linapunguzwa?

Mara nyingi linapunguzwa. Bei unayoiona kwenye tangazo au kwenye kioo cha gari ni bei elekezi: kiwanda kinapendekeza, wakala ndiye anayeuza. Kwa kawaida wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea. Gari amelipata kwa bei ya chini kuliko hiyo, na faida yake ataamua mwenyewe iwe nene au nyembamba. Marekani jambo hili liko wazi tangu 1958, pale sheria iliyosukumwa na Seneta Mike Monroney ilipolazimisha kila gari jipya libandikwe kiooni karatasi yenye bei inayopendekezwa na kiwanda pamoja na vitu vyote vilivyoongezwa. Kabla ya hapo mnunuzi hakuwa na la kulinganisha. Lakini hata karatasi hiyo inataja pendekezo tu. Bei ya kuuzia wanaipatana wakala na mnunuzi.

Wako wanaouza bila kupatana. Kampuni ya Saturn, iliyoanza kuuza magari 1990, ilijijengea jina kwa bei moja kwa wote hadi ilipofungwa 2010, na Tesla inauza yenyewe bila wakala kwa bei inayoipanga yenyewe. Ukikutana na utaratibu wa namna hiyo, usitumie nguvu kwenye bei ya gari. Elekeza macho kwenye mkopo, gari lako la zamani na vitu vya nyongeza, kwa sababu huko bado kuna nafasi.

Wakala anapata faida yake wapi hasa?

Swali hili watu huliuliza mwishoni wakati lingefaa kuwa la kwanza. Faida haitoki sehemu moja. Kuna tofauti kati ya bei aliyolinunulia gari na bei anayokuuzia. Kuna bakshishi ya kiwanda kwa kufikisha idadi fulani ya magari kwa mwezi au kwa robo ya mwaka. Marekani viwanda vingi pia humrudishia wakala sehemu ndogo ya bei baada ya gari kuuzwa, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 3, kwa hiyo hata anayekuonyesha ankara ya kiwanda na kuapa kwamba anauza bila faida huenda bado ana chake. Kuna kamisheni ya mkopo aliokutafutia, faida ya gari lako la zamani atakapoliuza, waranti ya ziada, tinti, king'ora, na servisi za miaka inayokuja.

Ndiyo maana muuzaji anaweza kukupunguzia bei ya gari huku anatabasamu. Anajua bado kuna milango mingine mitano.

Kama faida iko kila mahali, mimi nishike bei ipi?

Shika moja tu: jumla yote unayolipa hadi gari linatoka getini likiwa lako. Mimi naiita bei ya getini. Ndani yake kuna bei ya gari, kodi, usajili, ada za nyaraka, gharama ya kulisafirisha na kuliandaa gari, na kitu kingine chochote ambacho usipokilipa hukabidhiwi ufunguo.

Ukipatana bei ya gari peke yake, utashusha hapa na mwenzako atapandisha pale. Ukipatana bei ya getini hana pa kuhamishia. Majibu mengi hapa chini yatarudi kwenye neno hili.

Punguzo la kawaida ni asilimia ngapi?

Hakuna asilimia moja, na anayekupa moja kwa magari yote anakupotosha. Gari linalogombaniwa halishuki, na lililokaa ghalani miezi minane linaweza kushuka hata usivyotarajia. Punguzo zuri kwa gari lako utalijua kwa kuwauliza mawakala watatu au wanne bei ya getini ya toleo lile lile ndani ya wiki moja. Majibu yao ndiyo soko. Ya chini kabisa ndiyo unayoanzia kupatana, na mara nyingi tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho inashangaza.

## Kabla ya kwenda

Nijiandae vipi?

Jua gari unalolitaka kwa jina lake kamili: modeli, toleo, injini, giabox, rangi mbili unazoweza kuzikubali. Anayekwenda na "nataka kagari kazuri ka familia" atauziwa kilichopo, tena kile ambacho wakala anataka kiondoke.

Halafu nenda benki au kwenye chama chako cha akiba na mikopo kwanza, hata kama unafikiri utachukua mkopo wa wakala. Uliza watakukopesha kiasi gani, kwa riba gani, kwa miezi mingapi, na uondoke na jibu la maandishi. Bila karatasi hiyo huna cha kulinganishia, na muuzaji ataligundua hilo ndani ya dakika tano. Ukiwa na gari la zamani la kubadilisha, soma pia swali la gari la zamani huko chini kabla hujalipeleka.

Naweza kuomba bei kwa simu au barua pepe badala ya kwenda?

Unaweza, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora kuliko zote kwa mtu asiyependa kubishana ana kwa ana. Kwenye meza yake muuzaji anazo saa zote, kahawa na meneja. Kwenye ujumbe mna maneno tu, na maneno yaliyoandikwa hayageuki kesho.

Ujumbe uwe mfupi: "Habari za kazi. Natafuta modeli fulani, toleo fulani, rangi nyeupe au kijivu. Nitanunua ndani ya wiki mbili. Naomba bei ya jumla pamoja na kodi, usajili na ada zote hadi nakabidhiwa gari, kila kipengele kikitajwa peke yake. Nimewaandikia pia mawakala wengine." Utume kwa mawakala kadhaa, hata wa miji ya mbali. Wapo watakaojibu "karibu ofisini tuzungumze". Waandikie tena mara moja. Wakirudia jibu hilo hilo, waache. Wakala anayejua bei yake si ya ushindani hataki uiweke kando ya nyingine.

Ukishapata ofa nzuri, mpelekee wa pili na kumwuliza kama anaweza kuishinda. Mwambie kweli. Usitunge ofa isiyokuwepo, kwa sababu wauzaji wa modeli moja mara nyingi wanafahamiana na simu moja itakuumbua.

Ni wakati gani mzuri wa kununua?

Siku za mwisho wa mwezi, hasa mwezi unaofunga robo ya mwaka, wakala aliyebakiza magari mawili kufikia idadi ya bakshishi anaweza kukuuzia gari moja kwa bei ambayo wiki iliyotangulia asingeisikia. Shida ni kwamba huwezi kujua amebakiza mangapi. Wakati mwingine amekwisha fikisha, na hana haraka.

Ishara ninayoiamini zaidi ni umri wa gari lenyewe. Mawakala wengi hununua magari kwa fedha za kukopa, kwa hiyo kila mwezi gari linapolala uwanjani linamla riba. Chungulia lebo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi yana mwezi na mwaka wa kutengenezwa hapo. Usipoiona, inama utazame ubavu wa tairi. Baada ya herufi DOT kuna mfululizo unaoishia na tarakimu nne: 2324 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Gari haliwezi kuwa la zamani sana kuliko tairi zake za kwanza. Ukikuta lina miezi tisa au kumi, mwambie muuzaji kwa utaratibu kwamba umeliona hilo. Nyamaza. Msikilize.

Nafasi nyingine ni pale modeli mpya inapoingia na ya zamani bado ipo. Punguzo hapo huwa kubwa, lakini kumbuka siku ukiliuza litahesabiwa kuwa sura ya zamani. Kama unapanga kukaa nalo miaka kumi, hilo lisikusumbue.

Je, ni kweli bei inategemea sura ya mnunuzi?

Imewahi kuthibitishwa. Mwaka 1995 watafiti Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha matokeo ya majaribio yao katika eneo la Chicago. Waliwatuma watu waliofunzwa kusema maneno yale yale kwa mawakala, wakipatana bei ya magari mapya zaidi ya 300. Wanaume weupe walitajiwa bei za chini kuliko wanawake na kuliko watu weusi, ingawa wote walifuata hati moja ya mazungumzo.

Jambo hili linanikera, na sitamwambia mtu avae vizuri au aende na kaka yake ili aheshimiwe. Kinga ninayoijua ni ile ya kuomba bei kwa maandishi kwa mawakala wengi (tazama swali la simu na barua pepe). Huko sura haionekani, na bei ikishaandikwa ni vigumu kuipandisha ukifika.

## Mkiwa mezani

Nani ataje bei kwanza?

Kama unazo ofa za wengine mkononi, taja wewe, na utaje chini kidogo ya ile bora uliyopewa. Kama huna, mwache ataje yeye. Kutaja bei bila kujua soko ni kufumba macho na kurusha jiwe.

Wananiuliza: "Unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi?" Nijibu nini?

Jibu: "Tumalize bei ya jumla kwanza. Malipo ya mwezi tutayahesabu baadaye." Akirudia, rudia. Ukimpa kiasi cha mwezi umempa ruhusa ya kucheza na vitu vingine vyote, na hasa muda wa mkopo.

Chukua mkopo wa 1,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua. Kwa miezi 36 utalipa karibu 33,214 kila mwezi, jumla takriban 1,195,700. Kwa miezi 60 utalipa 22,244 kwa mwezi, na moyo unapoa. Lakini jumla imefika takriban 1,334,600. Umepunguziwa 11,000 za mwezi, umeongezewa karibu 139,000 za jumla, na bei ya gari haijashuka hata senti.

Kuna mtego mwingine ndani ya neno "asilimia 12". Wapo wanaohesabu riba juu ya mkopo wote wa mwanzo kwa miaka yote, hata kama umeshalipa nusu. Mkopo ule ule wa 1,000,000 kwa miaka mitatu utazaa riba ya 360,000, na malipo ya mwezi yatakuwa 37,778. Hiyo ni sawa na kulipa karibu asilimia 21 kwa hesabu ya salio linalopungua. Uliza swali moja bila kuzunguka: "Riba hii ni ya salio linalopungua au ya mkopo wote?" Kisha uliza jumla ya marejesho yote hadi siku ya mwisho, waandike.

Muuzaji amechora karatasi ya miraba minne. Ni ya nini?

Ni mbinu ya siku nyingi. Karatasi inagawanywa mara nne: bei ya gari, thamani ya gari lako la zamani, malipo ya awali, malipo ya mwezi. Kazi yake ni kukufanya uangalie mraba mmoja wakati mwingine unabadilika.

Niliwahi kukaa na dada yangu mbele ya karatasi ya namna hiyo. Muuzaji alikuwa na kalamu nene ya wino mweusi. Dada alipolalamika kuhusu malipo ya mwezi, yule bwana alikata tarakimu, akaandika ndogo zaidi, akaizungushia duara mara mbili. Dada akavuta pumzi ya nafuu. Kiwiko cha muuzaji kilikuwa kimelala juu ya mraba wa bei ya gari, na pembeni kabisa, kwa maandishi madogo, 48 ilikuwa imegeuka 60. Hakuna aliyesema uongo pale mezani. Hakuna pia aliyesema neno kuhusu miezi 12 iliyoongezeka.

Nilimwomba karatasi safi. Tukaandika bei ya getini peke yake katikati, na tukakataa kuzungumzia kingine hadi hiyo imekubaliwa. Mazungumzo yaliyokuwa yamechukua saa mbili na nusu yalimalizika kwa dakika kumi na tano. Fanya hivyo hivyo.

Anaenda "kumuuliza meneja" kila mara. Nifanye nini?

Wakati mwingine kweli hana mamlaka. Wakati mwingine anakuacha uchoke, kwa sababu mtu aliyechoka hukubali. Mwambie mapema kwamba una muda hadi saa fulani, na saa hiyo ikifika simama. Au omba meneja mwenyewe aje mezani. Ufunguo wa gari lako la zamani usiachwe kwao muda wote huo. Ukiutoa ili likaguliwe, uombe urudishwe mara ukaguzi unapokwisha, maana ni vigumu kuondoka bila ufunguo.

"Ofa hii ni ya leo tu." Kweli?

Mara chache. Punguzo la kiwanda huwa na tarehe ya mwisho inayotangazwa, omba kuiona. Punguzo la wakala mwenyewe litarudi kesho, maana gari bado litakuwa pale na yeye bado atataka kuliuza.

Nikiinuka na kuondoka, si nitaonekana namdharau?

Hapana. Sema asante, mpe mkono, mwachie namba ya simu na bei unayoweza kulipa. "Nashukuru kwa muda wako. Nikipata bei ya getini ya kiasi hiki nitarudi leo leo." Muuzaji ni mtu wa kazi, mara nyingi anaishi kwa kamisheni, na anaheshimu mnunuzi anayejua anachotaka kuliko anayebishana siku nzima bila kununua. Simu nyingi za kushusha bei hupigwa baada ya mteja kufika nyumbani.

Ila ukiondoka, uwe umekusudia kuondoka. Ukigeukia mlangoni, ameshajua bei yako.

Niseme mapema kwamba nalipa taslimu?

Usiseme kabla bei haijakubaliwa. Watu wengi wanadhani taslimu humfurahisha wakala. Lakini mkopo anaokutafutia unampa kamisheni, na akijua hatauza mkopo anaweza kubana kwenye bei. Akikuuliza, mwambie bado unapima njia zote, ambalo ni jibu la kweli kama una ofa ya benki mfukoni.

## Gari la zamani, mkopo na vikorombwezo

Nibadilishe gari langu la zamani hapo hapo au niliuze mwenyewe?

Ukiliuza mwenyewe kwa kawaida utapata zaidi, lakini kwa usumbufu: wageni nyumbani, majaribio ya barabarani, ahadi za "nitakuja Jumamosi". Ukimwachia wakala unapunguziwa usumbufu na unalipa kwa bei ya chini. Katika baadhi ya nchi na majimbo kodi ya gari jipya hutozwa kwenye tofauti tu ukibadilisha, na hapo pengo linaweza kuzibika. Fanya hesabu kabla ya kuamua.

Ukiamua kubadilisha, zitenge biashara hizo mbili. Kwanza bei ya getini ya gari jipya kana kwamba huna gari. Ikishaandikwa, ndipo ulete la zamani, ukiwa umeshapata tathmini nyingine mbili kutoka kwa wanunuzi wengine. Wakichanganya mambo hayo mawili utasikia "tumekupa bei nzuri sana ya gari lako", na hutajua kwamba punguzo la gari jipya ndilo lililogeuzwa jina.

Wananipa nichague: mkopo usio na riba au punguzo la bei. Kipi bora?

Inategemea riba utakayopata kwingine. Tuseme gari ni 1,000,000, na unachagua kati ya riba ya asilimia 0 kwa miezi 36 au punguzo la 100,000. Ukichukua punguzo na kukopa 900,000 benki kwa asilimia 6, marejesho yote yatakuwa takriban 985,700: punguzo limeshinda. Ukikopa kwa asilimia 12, yatakuwa takriban 1,076,100: mkopo usio na riba umeshinda kwa mbali. Mwenye taslimu kamili achukue punguzo, isipokuwa fedha hizo zinaweza kumzalishia zaidi zikiwekwa kwingine.

Kuna ada ya nyaraka, tinti, king'ora, kinga ya rangi. Nilipe?

Kodi na usajili vinakwenda serikalini, havipatanwi. Vilivyobaki vitazame kimoja kimoja. Ada ya nyaraka mara nyingi wakala hakubali kuifuta kwa sababu anamtoza kila mtu. Usipigane nayo, punguza kiasi hicho hicho kwenye bei ya gari. Ndiyo faida ya kupatana jumla.

Vitu vilivyokwisha kufungwa kwenye gari bila wewe kuviomba una haki ya kuvikataa: ama waviondoe, ama wakupe gari lisilo navyo, ama usivilipie. Kinga ya rangi na ya viti ni kipengele ninachomshauri kila mtu akikatae hapo mezani. Fundi wa nje atakufanyia baadaye kwa bei ambayo utaweza kuilinganisha.

Waranti ya ziada si ubaya wenyewe, ila haina haraka. Waranti ya kiwanda bado ni mpya kabisa siku hiyo. Omba masharti, nenda nayo nyumbani, soma inachokataa kulipia.

Wanasema nikifanya servisi nje, waranti inakufa. Ni kweli?

Si kila mahali. Marekani sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inamkataza mtoa waranti kuifunga kwenye sharti la kutumia gereji au vipuri vyake, isipokuwa anavitoa bure au amepewa ruhusa maalumu. Umoja wa Ulaya nao una kanuni zinazolinda gereji huru katika jambo hili. Popote ulipo, soma kitabu cha waranti chenyewe na utunze risiti na rekodi za kila servisi. Usikubali servisi za miaka mitatu zibebeshwe kwenye mkopo kwa kuogopa neno la mdomo.

## Hali zisizo za kawaida

Gari ni adimu na wanadai zaidi ya bei elekezi. Nipatane vipi?

Hapo nguvu zako ni ndogo, na ni vizuri kulikubali mapema. Mwaka 2021, uhaba wa chipu za elektroniki ulipopunguza magari viwandani, mawakala wengi waliuza juu ya bei elekezi na wanunuzi wakapanga foleni. Wakati kama huo unaweza kupanua eneo la kutafuta, kukubali rangi au toleo lingine, kuagiza na kusubiri kwa bei elekezi iliyoandikwa, au kuendelea na gari ulilonalo. Kusubiri ndiko watu hukusahau, na mara nyingi ndiko kunakookoa fedha nyingi zaidi.

Gari la maonyesho au la majaribio linafaa?

Linafaa likipunguzwa vya kutosha. Limeshaendeshwa na watu wengi, tena injini ikiwa baridi na bado mpya. Uliza kilomita, uliza kama lilishasajiliwa, na muhimu kuliko yote: waranti ilianza kuhesabiwa siku gani? Kama ilianza miezi minane iliyopita, umepoteza miezi minane, na bei iakisi hilo.

Nimetoa arubuni, sasa wanasema bei imepanda.

Tazama ulichosaini. Kama karatasi inataja bei ya mwisho, isimamie hiyo. Kama inasema bei ni ile ya siku ya kukabidhiwa, umefungwa mkono mmoja, na kilichobaki ni kudai arubuni yako. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata kiasi kidogo, hakikisha risiti ina bei ya getini, namba au maelezo kamili ya gari, tarehe ya kukabidhiwa, na maneno kwamba arubuni inarudishwa kama vitu hivyo vitabadilika. Lipa kwa njia inayoacha alama, si noti mkononi.

Nimesaini jana, leo nimejuta. Naweza kurudisha gari?

Usidhani kwamba unaweza. Marekani kanuni ya serikali kuu ya siku 3 za kujirudi haihusu gari ulilonunua kwenye ofisi ya kudumu ya muuzaji, ingawa wengi wanaiamini. Uingereza, kanuni za 2013 zinampa mnunuzi siku 14 za kughairi kama mkataba wote ulifanyika kwa mbali, kwa simu au intaneti, si kama alikwenda kusaini dukani, na gari lililotengenezwa mahususi kwa matakwa yake halimo. Gari lenye kasoro ni habari tofauti: sheria ya Uingereza ya 2015 inampa siku 30 za kulikataa. Kama huoni haki ya kujirudi kwenye mkataba au sheria ya kwako, chukulia kwamba haipo.

Nimeshachukua gari, baada ya siku kadhaa wananiita: mkopo haujapita, nisaini mpya wenye riba kubwa zaidi.

Usisaini siku hiyo. Omba barua ya kukataliwa kutoka kwa mkopeshaji mwenyewe, na usome kama mkataba wa kwanza ulikuwa na sharti la "ukiidhinishwa". Kama ulikuwa nalo, una chaguo la kurudisha gari na kudai kila ulichotoa, pamoja na gari lako la zamani, na mahali pengi mamlaka ya kuwalinda watumiaji itakusikiliza wakikataa. Ofa ya benki uliyoipata mwanzoni (tazama swali la kujiandaa) ndiyo inayokuokoa hapa. Ili lisikukute, usitoke na gari hadi mkopeshaji mwenyewe athibitishe kwa maandishi kwamba mkopo umepita.

Siku ya kukabidhiwa nikague nini?

Nenda mchana, siku isiyo na mvua, na usiwe na haraka. Linganisha namba ya chesisi kwenye gari na kwenye karatasi, alama kwa alama: herufi na tarakimu kwa pamoja zinapaswa kuwa 17, na herufi I, O na Q hazitumiki. Soma odomita. Zunguka gari ukiwa umeinama kidogo ili mwanga upite juu ya rangi, maana mkwaruzo hauonekani ukiwa umesimama wima. Hesabu funguo, fungua buti uone tairi la akiba au vifaa vyake.

Kisha keti na mkataba wa mwisho kando ya ile ofa ya barua pepe. Pitisha kidole mstari kwa mstari. Nimeona waranti ya ziada iliyokataliwa kwa mdomo ikirudi kwenye ukurasa wa tatu, imechapwa vizuri kabisa. Ukikuta kitu hukukikubali, kikatwe, mkataba uchapwe upya, na salio usilipe hadi jumla iliyoko chini ya ukurasa ifanane na bei ya getini mliyoandikiana.